Jiwe la Mkolani Likilowa

Mvua ya Mwanza hupenda alfajiri. Usiku nchi kavu hupoa haraka, ziwa likabaki na joto lake la mchana. Pepo nyepesi hutoka ufukoni pande zote kuelekea majini, hukutana huko katikati, na hewa yenye unyevu haina pa kwenda ila juu. Mawingu hujengeka watu wakiwa wamelala. Sehemu kubwa ya mawingu hayo husukumwa magharibi na upepo wa mashariki, ndiyo maana Bukoba hupata kama milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Mwanza ikaridhika na takriban nusu ya hizo. Lakini masika yakiingia, kati ya Machi na Mei, huku kusini nako hatusahauliwi. Saa kumi na moja alfajiri, wakati mkimbiaji ameshaamka na anatafuta soksi gizani, bati linaanza kupiga kelele.

Anayekimbia mbio ndefu Mkolani, basi, hana uchaguzi mpana. Akisema asubiri ikatike, masika yote na vuli yote vitampita akiwa kitandani. Wengi hufanya hivyo, na siwalaumu. Hapa nawazungumzia wachache wanaotoka, na hasa mmoja wao, fundi wa kujenga misingi ya mawe, ambaye nimezoea kukimbia nyuma yake huku macho yangu yakiwa kwenye visigino vyake. Ni mtu wa makamo, mwembamba, wa maneno machache. Kwenye Rock City Marathon, mbio zinazokimbiwa juu ya lami ya jiji, ungempita usimtambue. Mvua ikishika na njia ikiwa ya mawe, sijaona mtu anayefanya kazi safi kama yake.

Wanaomwona akipita humsifu kwa roho ngumu. Naona sifa hiyo inampunja. Roho ngumu wanayo wengi, na baadhi yao nimewaona wakirudi wakichechemea, wameshikwa mabega na wenzao. Alicho nacho fundi ni ubahili. Hapotezi joto, hapotezi hatua, hapotezi pumzi kwa jambo lisilomsogeza mbele. Mvua inadai kitu kila dakika, naye amejifunza kulipa kidogo kidogo, tena mwishoni. Ubahili huo hauonekani kwa mtu anayechungulia dirishani. Itabidi umfuate tangu mlangoni, tena bila haraka.

Kazi yake huanza usiku wa kuamkia safari. Baridi ya Mwanza si ya Makete. Hata katika masika, kipimajoto cha alfajiri hucheza kwenye nyuzi 17 au 18, na mtu wa nyanda za juu akisikia tunaiita hiyo baridi hucheka. Lakini nyuzi 17 za hewa kavu na nyuzi 17 ndani ya fulana iliyolowa, upepo ukitoka ziwani, ni mambo mawili tofauti. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Mwili unataka kukaa kwenye nyuzi 37. Ukishuka chini ya 35, hapo daktari hahesabu tena kwamba unasikia baridi, anahesabu kwamba unaumwa. Nyuzi mbili tu. Ndani ya nafasi hiyo ndogo ndimo fundi anamofanyia hesabu zake zote.

Pamba anaiacha nyumbani. Fulana ya pamba hunywa maji, huwa nzito, hung'ang'ania ngozi na kuipoza. Yeye huvaa jezi nyepesi ya mpira wa miguu inayobana kifua, aliyoichambua kwenye mitumba ya Mlango Mmoja, na juu yake koti jembamba la mvua. Koti hilo analifanyia kazi kama mpishi anavyoufanyia moto: kwenye mwinuko, mwili unapochemka, zipu inashuka mpaka kitovuni; akikaribia mgongo wa kilima, hatua kama ishirini kabla upepo haujampata, zipu inapanda hadi kidevuni. Hangoji kusikia baridi ndipo afunge. Joto likishatoka, kulirudisha ni kazi ya nusu saa. Kulizuia lisitoke ni kazi ya vidole viwili.

Kichwani ana kapelo. Jua halipo, lakini ukingo wa kapelo huyazuia matone yasimpige machoni, na mtu anayepepesa macho juu ya mawe hatafika mbali. Amejipaka mafuta ya mgando mapajani, kwapani na katikati ya vidole vya miguu, maana ngozi iliyolowa hulainika, na iliyolainika huchubuka. Kucha za miguu amezikata siku kadhaa kabla, ili ncha zake ziwe zimeshatulia. Kamba za raba zimefungwa fundo mara mbili, zimekaza penye kifundo na kulegea penye vidole, na ncha zake zimechomekwa chini ya kamba nyingine zisishike kijiti. Kila kitu hapa ni kidogo. Ukikitazama kimoja kimoja utasema ni mbwembwe za mzee. Vikae pamoja kwa saa tatu za mvua, ndipo utaona vinavyolipa.

Mfukoni ana matobolwa. Usukumani viazi vitamu haviliwi kwa pupa. Huchemshwa, hukatwa vipande, huanikwa juani mpaka vikawa vigumu, vikahifadhiwa kwa miezi ya njaa. Mkimbiaji wa mjini hununua peremende na vinywaji vya rangi. Fundi anaweka vipande kadhaa ndani ya mfuko wa mkate, ambao siku hizi una heshima yake, kwani mifuko ya rambo ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Kipande kimoja anakiweka shavuni na kukiacha kilainike chenyewe, kikitoa utamu taratibu wakati miguu inaendelea na shughuli. Anaanza kula mapema, kabla njaa haijabisha hodi. Sababu yake ni ya kifundi: mwili unaopambana na baridi huchoma sukari haraka, kutetemeka nako ni kazi inayokula akiba, na vidole vikishakufa ganzi hutaweza hata kufungua fundo la mfuko. Chakula usichoweza kukifungua ni sawa na chakula ulichokiacha nyumbani.

Nyumba za Mkolani zimepanda mlima pamoja na watu wake. Zimekaa kati ya mawe, nyingine zimeegemea mawe, na njia kati yake ni ngazi zilizopangwa kwa mikono, nyembamba, zenye mfereji wa maji ubavuni. Hapo fundi hakimbii. Anatembea, kapelo mkononi akikutana na mtu mzima. Akina mama wamekwisha panga ndoo chini ya mabati kukinga maji, watoto wanachungulia.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, baba. Na mvua yote hii?"

"Ndiyo tuliyopewa, mama."

Ni adabu, na adabu hiyo ina faida yake. Kutembea robo saa ya kwanza huipa misuli nafasi ya kupata moto wakati damu bado imejificha ndani. Wengi wetu tulijifunza kukimbia kwenye mchakamchaka, shuleni au JKT, tukitoka mbio tangu geti, wimbo mdomoni na makelele ya kutosha kuamsha kijiji. Mchakamchaka una raha yake na umewajenga watu wengi. Lakini ni mbio za kundi, kwenye barabara, na mwisho wake unaujua. Mbio ndefu za mlimani katika mvua hudai kuanza kwa unyonge. Fundi anapofika nyumba ya mwisho, hajatumia chochote, na mwili wake umeshakubali kwamba leo ni siku ya kulowa.

Sasa jiwe.

Mwanza huitwa jiji la miamba, na wageni hupigia picha lile jiwe la Bismarck lililosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga. Ni jiwe zuri, lakini la kutazamwa. Mawe ya Mkolani ni ya kukanyagwa. Ni matale ya zamani mno, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, yaliyopasuliwa na joto na mvua kando ya nyufa zake mpaka yakabaki mabunda yaliyopandana, mengine makubwa kuliko nyumba. Yakiwa makavu, chembe zake ngumu hushika soli na kuing'ang'ania. Mtoto hupanda mteremko mkali akiwa peku na haanguki. Mvua ikinyesha watu husema jiwe limeteleza. Fundi husema jiwe halijabadilika. Kinachoteleza ni ukoga uliolifunika.

Hilo ndilo somo lake la kwanza, na linasomwa kwa rangi. Palipo na kijivu chepesi chenye wekundu kwa mbali, chembe zikionekana moja moja, ni jiwe safi, na hata likiwa limelowa linashika. Michirizi myeusi inayong'aa, inayoshuka kutoka juu hadi chini, ni njia ya maji. Humo ukoga umeota kwa miaka, na mguu ukigusa unaondoka. Mabaka ya kijani ni ya kuogopwa zaidi penye kivuli kuliko penye jua. Na chini kabisa ya jiwe, pale maji yanapomwaga changarawe, kuna mtego wa aina nyingine: chembe zilizolala juu ya jiwe laini, zinazoviringika chini ya soli na kukuacha umekaa.

Nilimtazama siku moja akivuka bamba la jiwe lililolala kwa mshazari, refu kama sebule, lenye michirizi mitatu myeusi. Kasi ilipungua kabla hajalifikia, kwa hiyo akiwa juu yake hakuwa na cha kupunguza. Hatua zilifupika hadi zikawa kama nusu ya zile za kwenye kijia. Magoti yalikunjika kidogo, viwiko vikatoka nje ya mbavu. Macho hayakuwa kwenye mguu. Yalikuwa hatua mbili au tatu mbele, yakiwa yameshachagua, huku mguu ukitekeleza yaliyoamuliwa zamani. Na unyayo ulitua wote kwa pamoja, kisigino na vidole, uzito ukiwa umesimama wima juu yake.

Kisha likaja jambo linalonivutia kuliko yote. Mtu anayekimbia kwa kawaida hujisukuma kwa ncha ya mguu. Ndiko kasi inakotoka, na juu ya jiwe bichi ndiko kuanguka kunakotoka. Msukumo ule wa nyuma ndio unaokata mshiko. Fundi hakujisukuma. Aliunyanyua mguu tu, kama mtu anayeuondoa juu ya kitu cha mwenzake, akauweka mahali pengine, na mwili ukafuata. Mchirizi wa kwanza aliuruka bila kurefusha hatua. Wa pili vilevile. Wa tatu ulikuwa mpana. Hakuujaribu. Alishuka pembeni kwenye nyasi, akazunguka, akapoteza labda sekunde kumi, akarudi kijiani bila kuuangalia. Katika safari ile yote, iliyokuwa na mengi ya kusifiwa, mzunguko ule wa kwenye nyasi ndio uliokuwa hatua bora.

Nilimuuliza baadaye kwa nini hakuruka, maana uwezo wa kuruka anao.

"Kuruka ningeruka," alisema. "Kutua je, mdogo wangu?"

Mchana, fundi ana nyundo na patasi. Mawe haya huwashiwa moto juu yake mpaka yakafunguka kwa matabaka, kisha hupasuliwa, mengine yawe msingi wa nyumba, mengine kokoto. Amesikia sauti ya jiwe maisha yake yote ya kazi: jiwe zima lina mlio mkavu, lililooza ndani lina mlio wa kitu kitupu. Akikimbia anasikiliza kwa miguu. Nimemwona akikanyaga jiwe dogo, akaondoka juu yake kabla hajalikanyaga vizuri, na mimi nilipofika likabiringika. Mvua ilikuwa imeula udongo wake kwa chini. Yeye alilisikia kwa sehemu ya sekunde, na mwili wake haukungoja ushauri.

Chini ya mawe kuna udongo, nao una daraja zake. Mkulima wa Kisukuma huutaja kwa majina kadiri unavyoshuka kilima: juu luseni, mchanga uliotokana na kusagika kwa mawe, chini yake itogolo, udongo wa kijivu wenye tabaka gumu, na bondeni kabisa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Majina haya yamewekwa kwa ajili ya mtama, viazi na mpunga. Mkimbiaji wa mvua anayatumia kama ratiba.

Luseni ndiyo raha. Hunywa maji mara moja, na ikilowa hushikamana, ikawa bora kuliko ilivyo kavu. Hapo fundi huongeza mwendo, mikono inalegea, na ndipo ninapoachwa. Itogolo ni ya hila: juu kuna tope jembamba, chini kugumu kama sakafu, na maji yametuama. Anahama kijia na kukimbilia penye nyasi za pembeni, ambako mizizi inashika kilichobaki. Mbugani anatembea. Tope jeusi huganda kwenye raba tabaka juu ya tabaka mpaka kila mguu ukawa na mzigo wake, na anayejaribu kukimbia humo anabeba ardhi ya watu bila malipo. Fundi husonga kwa hatua za kuvuta, akipata jiwe anasugua soli kwa upande bila kusimama, anaendelea. Mabondeni kuelekea Buhongwa kuna kingo za majaruba zilizoinuka, zinazoonekana kuwa njia nzuri. Hazikanyagi. Zimelowa, zimelainika, na zikimeguka maji ya mpunga wa mtu yatatoka usiku uleule. Mwenye shamba hayupo kumwona. Lakini ujuzi wa kupita njia za watu una upande huo pia.

Makorongo ndiyo yanayopima akili. Maji ya mlima wa mawe hayana pa kuzamia, hushuka yote kwa pamoja, na korongo ulilolivuka kwa hatua moja wakati wa kwenda laweza kuwa na maji ya mapaja wakati wa kurudi. Sheria ya fundi haina mjadala: maji yasiyoonyesha chini na yanayofika gotini hayavukwi. Kuyasubiri yapungue nako ni gharama kwa mtu aliyelowa, kwa kuwa akisimama dakika kumi baridi inaanza kumdai. Anageuka, anateremka mpaka barabara kuu ya Shinyanga, anapita darajani, anapandisha tena. Umbali unaongezeka. Hanung'uniki, wala hauiti umbali huo ziada.

Na radi ni radi. Kanda ya Ziwa inajua habari zake. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu, hivyo akiona mwako anahesabu. Ngurumo ikifika kabla ya hesabu ya thelathini, mgongo wa kilima unaachwa, safari inahamia chini, mbali na jiwe refu na mbali na mwembe uliosimama peke yake, ule ambao kila mtu anakimbilia kujikinga chini yake. Ninapenda namna anavyolifanya hili bila mikiki. Anageuza njia kama mtu aliyekumbuka jambo dukani.

Kwamba haya yote si mapambo, ulimwengu wa mbio umeonyesha mara nyingi. Tarehe 16 Aprili 2018 mbio za marathoni za Boston zilikimbiwa katika mvua ya baridi, nyuzi chache tu juu ya kuganda, upepo mkali ukiwapiga wakimbiaji usoni. Mabingwa waliokuja na muda bora duniani, Wakenya na Waethiopia wengi wakiwamo, walijitoa njiani mmoja baada ya mwingine. Hawakuwa wamekosa mazoezi. Mwili mwembamba usio na mafuta, unaopendelewa na mbio ndefu, ndio unaopoteza joto upesi. Geoffrey Kirui wa Kenya, bingwa mtetezi, aliongoza kwa pengo kubwa kisha akapungukiwa kilomita za mwisho. Akapitwa na Yuki Kawauchi, Mjapani aliyekuwa mtumishi wa serikali ya mkoa na mkimbiaji wa muda wa ziada, aliyeshinda kwa saa 2:15:58. Miaka mingine muda huo usingempa hata nafasi ya kuonekana kwenye picha. Siku hiyo ulitosha, kwa sababu yeye hakuzidi kupungua.

Mei 22, 2021, katika mkoa wa Gansu nchini China, hali ilikuwa mbaya zaidi. Mbio za milimani za kilomita 100 zilipigwa na mvua ya mawe, upepo na baridi ya ghafla. Wengi walikuwa na bukta na fulana. Koti halikuwa la lazima. Watu 21 walifariki, baadhi yao wakiwa miongoni mwa wakimbiaji bora wa nchi ile. Baadhi ya waliookolewa walijikinga pangoni kwa mchungaji wa kondoo, Zhu Keming, aliyewasha moto na kuwaingiza sita. Mchungaji hakuwa na mazoezi ya mbio. Alikuwa na ujuzi wa kukaa mlimani katika hali mbaya, na ujuzi huo ndio ulioamua.

Huko Uingereza, kaskazini kwenye milima ya Lake District, ambako mvua ni hali ya kawaida, aliishi Joss Naylor, mfugaji wa kondoo aliyefariki mwaka 2024. Mwaka 1975 alipita vilele 72 ndani ya saa 24. Wenzake walikuwa wakishangaa jinsi alivyoteremka juu ya mawe yaliyolowa, na wengi waliona siri ilikuwa kazini kwake, miaka ya kufuata kondoo kwenye mawe yaleyale. Hapo ndipo ninapomwona fundi wa Mkolani. Hakujifunza mvua kwenye mbio. Mbio zilimkuta akiwa ameshaijua.

Sisi Watanzania tuna rekodi zetu za kuonea fahari. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, kwenye ufuko wa ziwa letu hilihili, alirudi na fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980. Alphonce Simbu aliwapa Watanzania dhahabu ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa riadha huko Tokyo, Septemba 2025, akiwa na muda uleule wa Mjerumani Amanal Petros, saa 2:09:48, wakitenganishwa na kifua. Ukiitazama tena mbio ile utaona ubahili uleule ninaousifia hapa, katika joto badala ya mvua: mtu aliyekaa ndani ya kundi kwa zaidi ya saa mbili bila kutumia kitu, akatumia vyote kwenye mita za mwisho. Tofauti ni kwamba ubahili wa Simbu uliishia kwenye mstari unaoonekana na kamera. Wa fundi unafika ufukoni Luchelele, anakogeukia, ambako hakuna mtu.

Pale Luchelele napo kuna jambo la kujifunza. Miguu imejaa tope mpaka magotini, na ziwa liko pale, limetulia kati ya matete. Mgeni angeingia anawe. Fundi haingii. Konokono wa kichocho hukaa kwenye maji yaliyotulia ya ufuko kama huo, na Mwanza, ambako watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wameushughulikia ugonjwa huu kwa miaka mingi, familia nyingi zina mtu aliyewahi kuugua. Anasimama chini ya mchirizi wa maji ya mvua unaodondoka kutoka kwenye jiwe, ananawa hapo, anatafuna kipande cha matobolwa, anageuka. Hakai. Nusu ya pili ndiyo inayowapata wengi: uchovu unapunguza mwendo, mwendo ukipungua na joto linapungua, na joto likipungua miguu inaanza kukanyaga ovyo. Anaijua dalili ya kwanza, nayo haiko miguuni. Ni pale anaposhindwa kugusisha kidole gumba na kidole kidogo cha mkono uleule. Anajipima hivyo kila baada ya muda, akikimbia, kidole kwa kidole. Akishindwa, zipu inapanda, matobolwa yanatafunwa, na njia fupi ya kwenda nyumbani inachukuliwa.

Nyumbani hakai, hasalimii kwa kirefu, hanywi chai kwanza. Anavua vilivyolowa na kuvaa vikavu, hata sweta, kwa sababu injini ikizimwa mwili unaendelea kupoa kwa dakika kadhaa, na wengi hutetemeka wakiwa sebuleni kuliko walivyotetemeka mlimani. Kisha chai ya tangawizi yenye sukari ya kutosha. Kisha raba: anaziosha, anatoa soli za ndani, anazijaza magazeti ya zamani, anayabadilisha jioni, anaziweka kivulini, maana jua la moja kwa moja hukausha gundi nayo ikaachia.

Ujuzi huu hauhitaji kipaji, na ndiyo sababu nyingine ya kuuheshimu. Umejengwa kwa mambo ambayo mtu yeyote wa Mkolani anaweza kuyafanya: kufunga zipu mapema, kutazama rangi ya jiwe, kunyanyua mguu badala ya kuusukuma, kula kabla ya njaa. Ugumu wake uko kwenye kuyafanya yote, kila mara, hata siku ambayo lingeachwa moja na lisitokee lolote. Anayetaka kuanza asubiri masika, amtafute mtu aliyemzidi, akae nyuma yake na kuangalia visigino. Asione haya kutembea penye ngazi za watu, wala kuzunguka kwenye nyasi. Na korongo likimshinda, daraja lipo.